Wimbo ni Kazi: Maisha ya Mwimbaji John Prine na Funzo Lake kwa Vijana Wetu

(Maneno haya yalitolewa na mwalimu mmoja wa sekondari ya kambini mbele ya Kamati ya Jamii, wazazi, vijana wa vikundi vya muziki na wageni kutoka mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati imeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Jamii,
Waheshimiwa wazee na viongozi wa zoni zote,
Wageni wetu kutoka mashirika yanayotuhudumia,
Walimu wenzangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana,



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Niliombwa nizungumze na vijana juu ya kazi na kipaji. Mwenyekiti aliponieleza sababu ya ombi hilo, niliona kwamba jambo lenyewe si dogo. Katika mikutano ya zoni wazazi wamelalamika kwamba vijana wanapoteza muda na magitaa ya kujitengenezea, badala ya kusoma au kusaidia kazi za nyumbani. Vijana nao wamelalamika kwamba wazee hawaoni thamani ya kile wanachokifanya. Na lipo lalamiko la tatu ambalo wengi mnalijua. Kwaya yetu moja ilirekodiwa na mgeni aliyepita hapa, wimbo wao ukasikika mjini, na hakuna aliyetaja jina la mtunzi wala kambi ulikotoka.

Ningeweza kuyajibu malalamiko haya kwa mawaidha. Lakini mwalimu akitoa mawaidha matupu wanafunzi husinzia, na watu wazima pia husinzia. Kwa hiyo nimechagua kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa mbali, mtu aliyefanya kazi ya nyimbo kwa zaidi ya miaka 50, kisha tutazame pamoja yanatufundisha nini. Mtu huyo ni John Prine, Mmarekani, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo za kantri.

Wazee waliokuwa na redio zamani wanaujua muziki wa kantri. Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton walisikika sana katika redio za Afrika Mashariki, hata watu ambao hawakujua Kiingereza waliweza kufuatisha sauti zao. Ni muziki uliotoka mashambani, kwa wakulima, wachimba migodi na madereva wa malori. Hupigwa kwa gitaa, fidla na banjo, na hiyo banjo asili yake ni ala walizotengeneza Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo. Wimbo wa kantri kwa kawaida ni hadithi. Humtaja mtu, mahali alipokaa na jambo lililompata. Hapo haupo mbali na nyimbo za bibi zetu.

MTOTO WA WATU WALIOHAMA

Prine alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 katika mji wa Maywood, jimbo la Illinois, karibu na jiji la Chicago. Wazazi wake hawakuwa wenyeji wa hapo. Walitoka Muhlenberg, wilaya ya makaa ya mawe katika jimbo la Kentucky, wakahamia kaskazini kutafuta maisha, kama walivyofanya watu wengi wa kusini katika miaka ile. Baba yake alikuwa fundi wa vifaa vya chuma kiwandani. Watoto walikuwa wanne, wote wavulana, na John alikuwa wa tatu.

Familia ilikaa Illinois, lakini nyumbani kwa maneno ya kila siku kulikuwa ni Kentucky. Watoto walipelekwa huko kuwatembelea jamaa, wakauona mto, wakavua samaki, wakasikia lafudhi ya babu zao. Nadhani wazazi wengi hapa mnanielewa. Mtoto huzaliwa pengine, lakini hulelewa na majina ya milima na mito ya kwao. Darasani kwangu wapo wanafunzi ambao hawajavuka mpaka hata siku moja, na bado wanaweza kukutajia kijito kilichopita nyuma ya nyumba ya babu.

Alipofika miaka 14, kaka yake aitwaye Dave alimfundisha kupiga gitaa. Baadaye akasoma kidogo katika shule ya muziki wa asili ya huko Chicago. Hakuwa na sauti nzuri ya kumshangaza mtu, na vidole vyake havikuwa vya ajabu. Alichokuwa nacho ni masikio ya kusikiliza watu na uvumilivu wa kutafuta neno linalofaa.

MPELEKA BARUA

Vijana, sikilizeni sehemu hii vizuri. Prine alikuwa na kazi. Alikuwa mpeleka barua wa posta. Katikati ya miaka ya 1960 aliitwa jeshini. Wenzake wengi walipelekwa vitani Vietnam, yeye akapelekwa Ujerumani Magharibi ambako aliwekwa kwenye kikosi cha ufundi wa magari. Alipomaliza alirudi posta, akabeba mkoba wa barua begani, akatembea mitaa ya Maywood jua na theluji.

Njia ya mpeleka barua ni ile ile kila siku. Ukishaijua, miguu huenda yenyewe na kichwa hubaki huru. Prine alisema kuwa njia ile ilikuwa kama maktaba isiyokuwa na vitabu, maana ilimpa nafasi ya kufikiri. Basi akatumia saa zile kutunga. Jioni akifika nyumbani alichukua gitaa na kuyaandika aliyoyatunga akitembea.

Alitunga nini? Hakutunga habari za utajiri asiokuwa nao. Alipokuwa kijana mdogo aliwahi kusaidia kupeleka magazeti katika nyumba ya kutunzia wazee, akaona jinsi wazee wale walivyomshika mkono na kumzungumzia kama vile ni mjukuu wao aliyekuja kuwatembelea. Kutokana na hayo akatunga wimbo uitwao "Hello in There", juu ya wazee wasiokuwa na wa kuwasalimu. Aliona vijana wenzake wakirudi kutoka vitani wakiwa na nishani kifuani na dawa za kulevya mwilini, akatunga "Sam Stone". Akatunga pia "Angel from Montgomery", wimbo ambao anayesema ndani yake ni mwanamke wa makamo aliyechoka na ndoa na jiko. Wakati huo mtunzi mwenyewe alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu.

Hapa pana jibu la kwanza kwa wazazi. Kipaji hakikumzuia mtu huyu kufanya kazi, na kazi haikukizuia kipaji chake. Na pana jibu kwa vijana vile vile. Hakungoja apate studio ndipo aanze. Wewe unayekwenda kuteka maji, unayesubiri foleni ya mgao tangu alfajiri, unayetafuta kuni, una njia yako ya barua. Miguu imeshaijua. Kichwa unakitumia kwa nini?

USIKU WA KWANZA JUKWAANI

Mwishoni mwa miaka ya 1960 palikuwa na klabu ndogo mjini Chicago iitwayo Fifth Peg, ambapo mtu yeyote aliruhusiwa kupanda jukwaani na kuimba. Prine alikaa pale kama mteja, akawa anawakosoa waimbaji kwa sauti ya chini. Mtu mmoja akamwambia kama unaona ni rahisi, panda wewe. Akapanda. Aliimba nyimbo alizotunga mwenyewe, na alipomaliza ule wa askari, watu walinyamaza kimya. Alidhani ameharibu. Kumbe watu walikuwa wameguswa, na baada ya kitambo wakapiga makofi. Mwenye klabu akampa kazi ya kuimba mara moja kwa wiki. Mchana aliendelea na barua.

Mwaka 1970 mwandishi wa gazeti la Chicago Sun-Times, Roger Ebert, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika juu ya filamu, alitoka katikati ya filamu moja kwa sababu bisi alizonunua zilikuwa na chumvi nyingi na alitaka bia. Akaingia klabu ile. Alichokisikia kilimfanya aandike makala juu ya mpeleka barua anayeimba. Tangu makala hiyo itoke, viti havikubaki vitupu tena.

Lakini mlango mkubwa ulifunguliwa na rafiki. Mwaka 1971 mwimbaji maarufu Kris Kristofferson alipita Chicago, akamsikia kijana mwingine aitwaye Steve Goodman, akampenda. Goodman angeweza kujinufaisha peke yake. Badala yake alimwambia Kristofferson kwamba ni lazima akamsikilize Prine usiku huo huo. Walipofika klabu imeshafungwa na viti vimepandishwa juu ya meza. Prine akashusha gitaa, akawaimbia watu wachache usiku wa manane. Baada ya muda mfupi alipata mkataba na kampuni kubwa ya rekodi huko New York, na mwaka huo huo wa 1971 santuri yake ya kwanza ikatoka. Ninawauliza vijana wa vikundi vyetu, ninyi mnaogombania maikrofoni moja: nani kati yenu angefanya kama Goodman?

KIJIJI KILICHOBOMOLEWA

Sasa nafika kwenye wimbo ulionifanya nimchague mtu huyu kwa siku kama ya leo.

Kule Muhlenberg, kandokando ya mto Green, palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Paradise, yaani Peponi. Ni sehemu ya asili ya wazazi wake, na ndiko John alikopelekwa utotoni. Chini ya ardhi ya wilaya ile palikuwa na makaa ya mawe. Makampuni yalileta mashine kubwa zilizochimba kwa kuondoa ardhi ya juu yote, miti, udongo na vilima. Kisha shirika la umeme la serikali likajenga kituo kikubwa cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe jirani na kijiji, kikaanza kazi mwaka 1963. Majivu yaliangukia nyumba na nguo zilizoanikwa. Mwishowe wenyeji walinunuliwa mali zao wakaondoka, na mwaka 1967 kijiji kikabomolewa.

Tuwe waangalifu. Watu wale hawakufukuzwa kwa risasi usiku, nao walilipwa. Mateso yetu na yao hayako sawa, na sitaki kuyapima kwa mizani moja. Lakini jambo moja ni sawa: kuna mahali ambapo baba yako anapaita nyumbani, na mahali hapo hapapo tena kama alivyopaacha.

Prine alitunga wimbo juu ya kijiji hicho na kukipa jina lake, "Paradise". Aliutunga kwa ajili ya baba yake. Ndani yake mtoto anamwomba baba ampeleke kule, na baba anamweleza kwa nini haiwezekani. Kabla rekodi haijatoka madukani alimpelekea baba yake asikilize. Prine alisimulia kwamba wimbo ule ulipoanza, mzee aliinuka akaenda chumba cha pili akakaa gizani. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alijibu kwamba alitaka ajione kama anausikia kwenye lile sanduku la muziki la baa, linalopiga nyimbo ukitia sarafu. Yaani kwa mzee yule, wimbo wa kijiji chake kupigwa mahali pa hadhara, watu wote wakausikia, ilikuwa ni heshima kubwa kuliko kuimbiwa sebuleni na mwanawe. Mzee alifariki mwaka huo wa 1971.

Sikilizeni mwisho wake. Kituo kile cha umeme kilitumia makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka 50. Mwezi Februari 2020 mtambo wa mwisho wa makaa ya mawe ulizimwa. Mashine zilizokula kijiji zimeshazeeka na kuondolewa. Wimbo bado unaimbwa, na wanamuziki wengi wa kantri wameurekodi kwa sauti zao. Mtu ambaye hajafika Kentucky anaweza kuimba jina la kijiji kisichokuwepo.

Wazee wangu, mkitaka kujua thamani ya vijana wenye magitaa ya mabati, ni hiyo. Sisi tunavyo vijiji vingi ambavyo majina yake yamebaki vichwani mwenu tu. Ramani za mashirika hazinayo yote. Fomu za usajili zimeandika jina la wilaya na zimeishia hapo. Mkiondoka ninyi bila kuyasema, na vijana wasipoyatia katika nyimbo, yatakuwa yamebomolewa mara ya pili.

KUFANYA KAZI BILA BWANA

Kati ya mwaka 1971 na 1980 Prine alitoa santuri 7 kwa makampuni mawili makubwa. Wakosoaji walimsifu, waimbaji wengine walichukua nyimbo zake, lakini hakuuza kwa wingi kama makampuni yalivyotaka. Inafaa tueleze kidogo jinsi biashara hiyo inavyokwenda. Kwa kawaida kampuni hulipa gharama za studio na matangazo, kisha hujirudishia fedha hizo kutoka kwenye fungu la mwimbaji kabla yeye hajapata kitu. Mara nyingi rekodi yenyewe hubaki mali ya kampuni. Mwimbaji anaweza kujulikana nchi nzima na bado anadaiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Prine aliamua kuacha kutafuta kampuni nyingine. Pamoja na meneja wake, Al Bunetta, na Dan Einstein, alianzisha kampuni yake ndogo mjini Nashville, akaiita Oh Boy. Watu wengi katika biashara hiyo waliona ni kujizika. Mtu atauzaje rekodi bila kampuni kubwa? Yeye alirudia jambo alilolijua tangu ujana, yaani posta. Wapenzi wa nyimbo zake walimtumia fedha kwa barua, wakalipa kabla rekodi haijatengenezwa, na fedha hizo zikagharimia kazi. Rekodi ilipokuwa tayari walitumiwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1984 ikatoka "Aimless Love", santuri yake ndefu ya kwanza chini ya kampuni yake mwenyewe.

Utaratibu huo hapa kwetu hauhitaji kufundishwa na Mmarekani. Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanaujua. Kila mmoja hutoa kidogo kwa kuaminiana, na kazi hufanyika. Kilichomwezesha Prine ni kwamba kwa miaka kumi aliimba katika kumbi ndogo, akasalimiana na watu, hakuwadanganya. Walipoombwa kumwamini, waliamini. Uaminifu huo ndio ulikuwa mtaji wake, na haukupatikana kwa siku moja.

Haikuwa rahisi. Alisafiri mji hadi mji, mwaka hadi mwaka. Mwaka 1991 alitoa "The Missing Years", nayo ikapata tuzo ya Grammy, ambayo ni tuzo kubwa ya muziki huko Marekani. Ilitolewa na kampuni yake ile ile ndogo.

JINA LA MTUNZI

Hapa narudi kwenye lile lalamiko la kwaya. Prine na rafiki yake Goodman waliwahi kutunga pamoja wimbo wa mzaha kuhusu nyimbo za kantri zenyewe. Prine alikataa jina lake lisiandikwe, maana aliona mzaha ule ungewaudhi waimbaji wa kantri. Mwaka 1975 mwimbaji mwingine, David Allan Coe, aliurekodi na ukapendwa sana. Fedha za utunzi zilikwenda kwa Goodman peke yake. Goodman hakusahau. Alimnunulia mwenzake zawadi, lile lile sanduku la muziki la baa.

Tofauti na kwaya yetu ni hii: jina la Prine lilikosekana kwa hiari yake. Mtunzi ndiye aliyeamua. Jina la mtunzi wa kwaya yetu lilikosekana kwa uamuzi wa mtu mwingine, na yeye hakuulizwa.

Wapo wanaosema kwamba mkimbizi hana haki hiyo kwa sababu hayupo kwao. Ndugu zangu, si kweli. Mkataba wa Mwaka 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi, ule ule tunaousikia kila mwaka siku kama ya leo, una Ibara ya 14. Ibara hiyo inasema kwamba katika ulinzi wa kazi za uandishi, sanaa na sayansi, mkimbizi atapewa katika nchi anamokaa ulinzi ule ule wanaopewa raia wa nchi hiyo. Na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tumezoea kusoma Mkataba huu kwa habari ya kutorudishwa kwa nguvu, na ni haki yetu kuanza na hilo. Lakini waliouandika walijua kwamba mtu akikimbia hukimbia pia na nyimbo zake kichwani, nazo ni mali yake.

SAUTI ILIYOVUNJIKA

Mwaka 1998 Prine aligunduliwa kuwa na saratani ya shingo. Alipasuliwa, sehemu ya shingo ikaondolewa, mishipa ya ulimi ikaguswa, kisha akapigwa mionzi. Kwa mwimbaji hakuna pigo kubwa kuliko hilo. Sauti ikashuka, ikawa nzito na yenye mikwaruzo. Alifundishwa upya namna ya kutamka. Akalazimika kuzishusha nyimbo zake za zamani ziendane na koo jipya. Mwaka 1999 alikuwa ametoa rekodi nyingine, akiimba pamoja na waimbaji wanawake, na alisema kwamba sauti hii mpya anaipenda kuliko ile ya zamani.

Mwaka 2005 alialikwa Maktaba ya Bunge la Marekani kuimba na kuzungumza mbele ya watu wa fasihi, na rekodi aliyoitoa mwaka huo ikapata Grammy nyingine. Mwaka 2013 saratani ilirudi, safari hii kwenye pafu la kushoto. Akapasuliwa tena. Ili apate pumzi alifanyishwa mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi mbio, kisha hapo hapo achukue gitaa na kuimba kabla hajapumzika. Baada ya miezi sita hivi alikuwa jukwaani.

Meneja wake alipofariki mwaka 2015, mke wake Fiona na mtoto wao Jody walishika uongozi wa kampuni. Walimwona mzee anachelewa kumaliza nyimbo mpya, wakamweka hotelini na magitaa yake pamoja na maboksi ya karatasi zenye maneno ya nyimbo ambazo hazijakamilika. Mwaka 2018 ikatoka "The Tree of Forgiveness". Alikuwa na umri wa miaka 71, na katika orodha ya mauzo ya Marekani rekodi hiyo ilifika nafasi ya 5, nafasi ya juu kuliko zote alizowahi kupata.

Alifariki Nashville tarehe 7 Aprili 2020 kwa ugonjwa wa Uviko-19, akiwa na miaka 73. Karibu miezi mitatu baadaye jimbo la Illinois likamtangaza kuwa malenga wake wa kwanza wa heshima. Yule aliyebeba barua za watu katika jimbo hilo akawa malenga wa jimbo.

WA KWETU PIA WAPO

Mtu asije akasema mwalimu amewatukuza wa mbali akasahau wa karibu. Mzee Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, Kongo. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya maskini, juu ya kifo, juu ya Ukimwi wakati wengi waliona aibu kuutaja. Mtu wa Kongo akawa sauti ya wanyonge wa Tanzania hadi alipofariki mwaka 2010. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mzee Remmy alicheza ugenini, akatunzwa, na ule ugeni ukawa kwao.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa hotuba bila pendekezo ni kelele, naomba kutoa machache.

Kwa vijana: msiache shule kwa ajili ya gitaa. Prine alishika barua mpaka nyimbo zilipoweza kumlisha. Kila mnapotunga, andikeni kwenye daftari maneno yote, tarehe, na majina ya waliotunga. Wakati wa kurekodiwa ulizeni maswali matatu: unarekodi kwa kazi gani, utaupeleka wapi, na majina yetu yataandikwa wapi. Asiyekubali kujibu, asirekodi.

Kwa wazazi na wazee: wapeni vijana majina. Majina ya vijiji, vijito, masoko, miti mliyokutana chini yake. Mkiona hawaimbi vizuri, waambieni wapi pana kasoro. Kumkosoa kijana kwa upole ni kumsaidia, kumwita mhuni hakumfundishi nota wala adabu.

Kwa wageni wetu wa mashirika: mnatualika mara nyingi kuimba katika sherehe zenu, na tunashukuru. Tunaomba kwamba picha na sauti zinapokwenda kwenye ripoti na filamu zenu, mtunzi aulizwe kwanza, na akikubali jina lake liandikwe. Hilo halina gharama.

Kwa Kamati: naomba lifunguliwe daftari moja kubwa, la jalada gumu, liitwe Daftari la Nyimbo na Vijiji, likae ofisini kwa Katibu. Kila kikundi kiandike humo nyimbo zake na watunzi wake, na kila mzee anayetaka aandikiwe jina la kijiji chake na habari zake. Mimi na walimu wenzangu wawili tumekubali kuandika kila Jumamosi mchana bila malipo. Siku tutakayorejea nyumbani, au kupelekwa nchi ya tatu, au kubaki, daftari hilo litaonyesha kwamba watu waliokaa chini ya maturubai haya walikuwa na kwao na walikuwa na kazi.

Kwa kuanzia nimekwisha kuongea na mtunzi wa ile kwaya. Amekubali jina lake liwe la kwanza kuandikwa.